MAGARI YANAYOJIENDESHA: USALAMA WAKE UNAPIMWAJE, NA NANI ANAPIMA?



Juzi kwenye kafe ninayotumia hapa mtaani ulizuka ubishi mkali. Vijana wawili walikuwa wanatazama video ya teksi isiyo na dereva ikikata mitaa ya San Francisco, usukani unajizungusha wenyewe kama una jini. Mmoja akasema, "Hii ndiyo salama bwana. Mashine hailewi, haisinzii, haichati." Mwenzake akamkatalia palepale, "Acha wewe, hizo zinaua watu, nimesoma." Wakanigeukia mimi: "Kaka, we unasemaje?"

Nikawaambia wote wawili wana ukweli, ila nusu nusu. Jibu kamili haliingii kwenye ubishi wa dakika tano, na mimi muda wangu kwenye mashine ulikuwa unakwisha. Kwa hiyo nimelikusanya hapa, mtu akitaka kulisoma aje alisome taratibu. Tena nina sababu yangu binafsi ya kuliandika, nitaisema huko mbele.

Haya, twende kazi.

GARI LINALOJIENDESHA NI LIPI HASA?

Ubishi mwingi unaanza hapa, manake watu wanaita kila kitu "gari lisilo na dereva". Chama cha wahandisi wa magari kinachojulikana kwa kifupi SAE kilitoa mwaka 2014 ngazi sita, kuanzia 0 hadi 5, na dunia nzima sasa inazitumia:

- Ngazi 0: dereva anafanya kila kitu. Gari linaweza kupiga kengele ya tahadhari, basi.
- Ngazi 1: gari linasaidia jambo moja, ama usukani ama mwendo.
- Ngazi 2: gari linashika usukani na mwendo kwa pamoja, LAKINI dereva lazima aangalie barabara muda wote. Kisheria bado yeye ndiye anaendesha.
- Ngazi 3: gari linajiendesha katika hali fulani, dereva anaweza kuondoa macho barabarani, ila likimwita lazima apokee.
- Ngazi 4: halihitaji dereva kabisa, lakini ndani ya eneo na hali zilizopangwa tu. Teksi za San Francisco na Phoenix ziko hapa.
- Ngazi 5: popote, saa yoyote, hali yoyote. Hii bado ni ndoto.

Shika sana tofauti ya ngazi 2 na ngazi 4. Watu wamekufa kwa kuichanganya.

SAFARI ILIKOTOKA

Machi 2004 wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani, DARPA, uliandaa mashindano katika jangwa la Mojave. Zawadi dola milioni 1 kwa gari litakalokata zaidi ya kilomita 220 bila mtu ndani. Halikumaliza hata moja! Lililojitahidi zaidi, la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, halikufikisha hata kilomita 12. Mwaka uliofuata, 2005, magari matano yalimaliza kilomita 212, na la kwanza likawa Stanley la Chuo Kikuu cha Stanford, chini ya saa saba. Mwaka 2007 mashindano yakahamia kwenye mitaa ya kambi ya zamani ya jeshi la anga huko Victorville, California, magari yakipishana na magari mengine. Boss la Carnegie Mellon likashinda.

Mwaka 2009 Google ikaanza mradi wake, ambao mwaka 2016 ukawa kampuni ya Waymo. Oktoba 2020 Waymo ikafungua teksi zisizo na mtu kwenye usukani kwa abiria wote huko Phoenix, Arizona. Yaani ndani ya miaka 16 mashine ilitoka kwenye kukwama jangwani hadi kubeba abiria mjini. Si jambo dogo hata kidogo.

LINAONAJE?

Gari la namna hii lina macho ya aina tatu. Kamera zinaona rangi na maandishi. Rada inapima umbali na mwendo, na haisumbuliwi sana na mvua wala ukungu. Halafu kuna laida, chombo kinachorusha miale ya leza na kuchora umbo la kila kitu kilicho jirani. Wengine wanatumia vyote vitatu. Tesla waliamua kutegemea kamera, na ubishi wa nani yuko sahihi haujaisha.

Lakini kuona si kuelewa. Baada ya vyombo kuona, akili bandia (akili mnemba kwa wengine) lazima ijibu maswali matatu: Hiki ni nini? Sekunde mbili zijazo kitakuwa wapi? Mimi nifanye nini? Na haikuzaliwa inajua. Imefundishwa kwa mamilioni ya picha ambazo binadamu amezichorea visanduku: hili gari, huyu mtu, ile nguzo.

Sasa tuone majibu hayo yakikosewa inakuwaje.

TEMPE, MACHI 18, 2018

Usiku wa saa nne hivi, mjini Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber aina ya Volvo lilimgonga mwanamke mwenye umri wa miaka 49 aliyekuwa anavuka barabara huku anakokota baiskeli. Alifariki. Alikuwa mtembea kwa miguu wa kwanza kujulikana kuuawa na gari linalojiendesha.

Watu wengi wanadhani gari halikumwona. Lilimwona! Ripoti ya bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, NTSB, ya Novemba 2019, inaeleza sekunde kwa sekunde. Gari lilimgundua sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Kwanza likasema ni gari. Halafu likasema "kitu kingine". Likarudi, gari. Kitu kingine tena. Baiskeli. Kitu kingine. Baiskeli. Na kila lilipobadili jina lilisahau alikokuwa anatokea, kwa hiyo halikuweza kukisia anakokwenda. Sababu yenyewe inauma: mfumo haukutengenezwa kutegemea kwamba mtu anaweza kuvuka mahali pasipo na kivuko.

Si hayo tu. Breki za dharura za Volvo yenyewe zilikuwa zimezimwa ili zisigongane na mfumo wa Uber. Na mfumo wa Uber, ulipotambua kwamba ajali inakuja, uliwekewa kusubiri sekunde moja kabla ya kuchukua hatua, ili gari lisiwe linashtuka na kufunga breki ovyo kila mara.

Na mtu aliyewekwa kwenye kiti awe mlinzi? Alikuwa anaangalia simu. Zamani gari lilikuwa na watu wawili, kampuni ikapunguza akabaki mmoja. Mwaka 2023 alikiri kosa la kuhatarisha maisha akapewa miaka mitatu ya uangalizi nje ya gereza. Kampuni haikushtakiwa kwa jinai. NTSB yenyewe ilisema simu ndiyo iliyomfanya mlinzi asiangalie barabara, lakini ikataja pia udhaifu wa Uber katika kupima hatari na kusimamia walinzi wake, na jimbo la Arizona kutosimamia majaribio vya kutosha.

DENI LANGU

Sasa ile sababu binafsi. Mwaka 2019 nilikaa Nairobi miezi minne nikifanya kazi ya kuchorea picha visanduku. Ofisi sitaitaja, na mteja mwenye picha hatukuwahi kuambiwa ni nani. Kazi za aina hiyo zipo Nairobi kweli: mwaka 2018 BBC iliandika habari za wakazi wa Kibera waliokuwa wanaifanya katika kampuni ya Samasource kwa dola 9 hivi kwa siku, wakichora magari, watu, alama za barabarani, hata anga, ili magari ya ng'ambo yajifunze kuona.

Kwetu picha ilikuwa inakuja ya mtaa wa Marekani, unachora, unachagua jina kwenye orodha, unabofya, inayofuata. Siku moja ilikuja ya mzee anakokota baiskeli yenye mizigo. Kwenye orodha kulikuwa na "mtu", "baiskeli" na "mwendesha baiskeli". Sasa huyu ni yupi? Haendeshi, anakokota. Nikamuuliza msimamizi. Akanijibu bila kuinua macho, "Chagua moja uende, foleni ndefu." Nikachagua baiskeli. Nikaenda zangu.

Novemba ile ripoti ya NTSB ilipotoka nikaisoma kwenye kafe. Nilipofika pale gari linapobadilisha jina, kitu kingine, baiskeli, kitu kingine, baiskeli, nikasimama kusoma. Nikamkumbuka yule mzee.

Sisemi kisanduku changu kilimuua mtu. Ajali ilitokea kabla sijaanza kazi, na ripoti ililaumu jinsi mfumo ulivyobuniwa. Ninachosema ni kwamba swali nililoliuliza lilikuwa swali la usalama, na ofisi ililiona ni la kupoteza muda. Kuna vijana wanaosoma hapa wanafanya kazi za kubofya kama ile. Jamani, mkiona picha isiyoeleweka, iandikieni ripoti hata kama hamlipwi senti kwa hilo. Mashine inalishwa nanyi.

HATARI YA KUBWETEKA

Kiswahili tuna neno tamu hapa: kubweteka. Mtu akisaidiwa sana anajisahau. Watafiti wa ndege wamelijua hili miaka mingi: ukimpa binadamu kazi ya kutazama mashine ambayo karibu kila siku haikosei, atachoka kutazama.

Mei 7, 2016, karibu na Williston, Florida, gari la Tesla Model S lililokuwa kwenye mfumo wa Autopilot (hiyo ni ngazi 2!) lilipita chini ya tela la lori lililokuwa linakatisha barabara kuu. Mwendo ulikuwa kilomita 119 kwa saa. Dereva alifariki. Uchunguzi uligundua kwamba katika dakika 37 ambazo mfumo ulikuwa unafanya kazi, mikono yake ilihisiwa kwenye usukani kwa jumla ya sekunde 25 tu. NTSB iliona lori halikupaswa kuingia vile, lakini ikasema pia kwamba dereva aliuamini mfumo kupita kiasi, na mfumo wenyewe ulimruhusu. Desemba 2023 Tesla ililazimika kurekebisha programu ya magari yapatayo milioni 2 Marekani ili yambane zaidi dereva asiyeangalia barabara.

Kwa hiyo ukisikia "usijali, kuna mtu anasimamia", hapo ndipo pa kuanza kujali. Kumweka mtu kwenye kiti hakutoshi. Lazima ujue nani anahakikisha huyo mtu yuko macho.

KOSA MOJA, MAGARI YOTE

Hili sikulifikiria mpaka niliposoma kisa cha Phoenix cha Desemba 11, 2023. Pikapu bovu lilikuwa linavutwa kinyumenyume na gari jingine, limekaa mshazari, limejaa njia mbili. Gari la Waymo likakosea kukisia litakapoelekea, likaligonga. Dakika chache baadaye gari JINGINE la Waymo likaligonga pikapu lilelile! Hakuna aliyeumia. Februari 2024 kampuni ikatangaza marekebisho rasmi ya programu kwa magari 444.

Fikiria. Madereva wawili wa daladala wakikosea, kila mmoja anakosea kivyake. Magari haya yana ubongo mmoja, kosa likiwa kwa moja liko kwa yote. Lakini kuna upande wa pili: dereva mmoja akijifunza kwa ajali, wenzake hawajifunzi. Hapa ukisahihisha moja umesahihisha yote. Ni faida na ni hatari kwa wakati mmoja. Inategemea nani anagundua mapema.

SAN FRANCISCO: AJALI NA KUFICHA

Oktoba 2, 2023, mwanamke mmoja alikuwa anavuka barabara San Francisco. Gari lililoendeshwa na binadamu likamgonga na kumrusha mbele ya teksi isiyo na dereva ya kampuni ya Cruise, kisha dereva yule akakimbia. Teksi ikamgonga, ikasimama. Mpaka hapo unaweza kusema dereva yeyote angepata shida. Lakini ikadhani imegongwa ubavuni, ikaamua kujisogeza pembeni ya barabara kama ilivyofundishwa, huku mama wa watu yuko chini yake. Ikamburuta mita 6 hivi. Alinusurika na majeraha makubwa.

Kilichoiangusha Cruise kilikuwa kilichofuata. Ripoti iliyopelekwa serikalini haikutaja kuburuta. Jimbo la California lilisimamisha kibali chake Oktoba 24, 2023. Wanasheria waliokodiwa na kampuni yenyewe waliandika Januari 2024 kwamba viongozi walitegemea kuwaonyesha maofisa video "ijieleze yenyewe", na intaneti ikawa inakwamakwama kwenye mkutano! Sisi watu wa kafe tunaijua hiyo, ila kama una jambo zito la kusema si unafungua mdomo? Novemba 2024 Cruise ilikiri kutoa ripoti ya uongo na kukubali faini ya dola 500,000. Desemba mwaka huohuo General Motors, mwenye kampuni, akaacha kufadhili biashara hiyo ya teksi.

Ajali moja ingeweza kuwa somo. Kwa sababu ilifichwa, ikawa msiba wa kampuni nzima.

BASI, USALAMA UNAPIMWAJE?

Hapa ndipo hesabu inapoingia, tulieni.

Mwaka 2016 taasisi ya utafiti ya RAND ilijiuliza: gari linalojiendesha liende umbali gani ndipo tuamini haliui kuliko binadamu? Marekani binadamu walikuwa wanasababisha kifo kama kimoja katika kila maili milioni 100. Kwa hiyo kifo ni tukio la nadra ukilinganisha na umbali. RAND wakapata kwamba gari lingehitaji kwenda maili milioni 275 (karibu kilomita milioni 443) bila kuua mtu HATA MMOJA ndipo tuwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba kiwango chake si kibaya kuliko cha binadamu. Magari 100 yakitembea usiku na mchana, siku 365, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, yangechukua miaka 12 na nusu.

Kwa hiyo kampuni ikikwambia "tumetembea kilomita milioni moja bila kuua", mwambie hongera, lakini hiyo haijathibitisha kitu.

Ndiyo maana watafiti wanatumia njia nyingine pamoja na barabara: michezo ya kompyuta inayoiga barabara, ambako gari linaweza kukutana na mtoto anayekimbilia mpira mara elfu kwa siku bila mtoto yeyote kuumia, viwanja vilivyofungwa, na kuhesabu ajali za majeruhi badala ya vifo peke yake, kwa kuwa hizo ni nyingi zaidi na takwimu zake zinakusanyika mapema.

Kwa njia hiyo ya mwisho, mwaka 2025 watafiti wa Waymo walichapisha katika jarida la kitaalamu hesabu za maili milioni 56.7 (kama kilomita milioni 91) bila dereva. Ajali za kujeruhi watembea kwa miguu zilikuwa pungufu kwa asilimia 92 zikilinganishwa na za binadamu katika maeneo hayohayo. Ni takwimu nzito, siwezi kuzidharau, na yule kijana wa "mashine hailewi" hapa anapata alama zake. Lakini soma na upande wa pili: waliohesabu ni waajiriwa wa kampuni, miji ni michache iliyochorwa ramani kwa makini, na kwa vifo bado umbali ni mdogo kutoa hukumu. Tena mwaka huohuo 2025 serikali ya Marekani ilianza kuichunguza Waymo kwa magari yake kupita mabasi ya shule yaliyosimama kushusha watoto, na Desemba kampuni ikatangaza marekebisho ya programu. Takwimu nzuri haziondoi haja ya kuendelea kutazama.

STIKA NA KANGARUU

Kuna mambo mawili madogo ya kufurahisha, ila yana somo.

La kwanza: mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu kadhaa vya Marekani walibandika stika chache kwenye alama ya barabarani ya SIMAMA. Binadamu anaiona alama ileile imechafuliwa kidogo. Programu waliyoijaribu ikaisoma kuwa ni kikomo cha mwendo wa maili 45 kwa saa! Mashine ikikosea, haikosei kama sisi. Inakosea mahali ambapo wewe usingewaza kukosea.

La pili: mwaka 2017 Volvo walisema Australia kwamba mfumo wao wa kugundua wanyama, uliozoezwa kwa wanyama wa Sweden, ulikuwa unachanganywa na kangaruu. Mfumo ulipima umbali kwa kutumia ardhi, na kangaruu akiruka anaonekana yuko mbali, akitua yuko karibu.

Sasa leta hiyo huku kwetu. Akili iliyofundishwa kwa mitaa ya California inajua nini kuhusu mkokoteni wa matenki ya maji usiku bila taa? Bodaboda inayokuja upande usio wake? Ng'ombe? Konda aliyening'inia mlangoni, ni abiria, ni mtembea kwa miguu, au ni sehemu ya gari? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani, na kanda ya Afrika ndiyo yenye kiwango kibaya zaidi: vifo 19 kwa kila watu 100,000. Sisi ndio tungefaidika zaidi na gari salama kweli. Na sisi ndio tungeumia zaidi na gari lililopimwa kwingine halafu likaitwa salama.

SHERIA NA VIWANGO KWA UFUPI

- Marekani: tangu Juni 2021 kampuni zinalazimika kuripoti serikalini ajali za magari yenye mifumo hii.
- Ujerumani: kamati ya maadili ya mwaka 2017 ilisema mashine isichague nani afe kwa kuangalia umri, jinsia au hali ya mtu. Mwaka 2021 sheria ikaruhusu ngazi 4 katika maeneo yaliyoidhinishwa.
- Uingereza: sheria ya mwaka 2024 inataka gari liwe na usalama usiopungua wa dereva binadamu makini na mwenye ujuzi. Si dereva wa wastani, dereva MAKINI.
- Kiwango cha kimataifa cha ISO 21448 cha mwaka 2022 kinahusu hatari inayotokea wakati hakuna kilichoharibika. Kumbuka Tempe: chombo hakikuvunjika, mfumo ulifanya kama ulivyoandikwa. Kilichokuwa kibovu ni kile kilichoandikwa.

MASWALI MATANO YA KUULIZA

Siku ukiona tangazo au video inayosema gari hili ni salama, uliza:

1. Ni ngazi ya ngapi? Na kama ni ya 2, nani anahakikisha dereva haangalii simu?
2. Limepimwa wapi? Jua kali au mvua, mchana au usiku, mji gani?
3. Likikutana na kitu lisichokijua, linafanya nini? Linapunguza mwendo, au linaendelea huku linabahatisha jina?
4. Nani amehesabu, mwenye gari au mtu wa nje? Na hesabu ziko wazi?
5. Siku lilipokosea, walisema wenyewe au waliumbuliwa?

Mimi nikilazimishwa kuchagua moja, nachukua la tano. Mashine itakosea tu, kama binadamu anavyokosea. Ila kosa lililosemwa linarekebishwa kwenye magari yote kwa usiku mmoja. Kosa lililofichwa linasubiri mtu mwingine avuke barabara.

Wale vijana wawili wa kafe, nimewajibu. Ubishi ruksa kuendelea, ila sasa muwe na data.

Na wewe mdau uliyewahi kufanya kazi ya kuchorea picha, hebu tuambie hapo chini kwenye maoni: mtu anayekokota baiskeli, kwenye orodha yenu alikuwa nani?

Tuko pamoja.